Siafu Katika Mkono wa Clarisse

Harufu ya nyama inayoungua ilimfikia Clarisse akiwa ameinamia moto wake, katika kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege wa Bunia. Alikagua samaki wake wote. Hakuna aliyeungua. Alikuwa bado anatafuta aliposikia yowe la Joséphine, dada mdogo wa mama yake.

“Weye Clarisse! Kidole yako iko naungua!”

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala juu ya chuma cha moto, ngozi imeshaiva, na mwenyewe hana habari. Jamani! Mtu aungue mwili wake mwenyewe, habari aipate puani! Akauvuta mkono, akaketi chini, hata kulia akashindwa.

Kabla ya vita, huko kwao kando ya ziwa, Tchomia nzima ilimjua kwa vidole vile. Wenzake waligeuza samaki kwa vijiti. Yeye kwa vidole vitupu, akimbonyeza kila samaki mgongoni kujua kama ameiva hadi mfupani. Kijiti hakisikii kitu, alikuwa akisema kwa maringo. Kisha vita vikafika ziwani. Panga lilimshukia katikati ya kiwiko na kiganja, alipokuwa akijikinga uso. Yeye na Joséphine walipanda hadi Bunia, mkono umefungwa kitenge, na muuguzi aitwaye Gérard akaushona.

Gérard huyohuyo ndiye aliyekitazama kidole kilichoungua.

“Panga ilikata mushipa ya kusikia,” alisema. “Ndani yake kuko nyuzi ndogo-ndogo. Kila uzi umevikwa mafuta, tabaka juu ya tabaka, na ile mafuta inaachia nafasi kidogo-kidogo. Habari ya moto inaruka toka nafasi kwa nafasi, ndiyo maana inafika kwa kichwa mbio. Sasa nyuzi za chini ya kidonda zilikufa, na mafuta yao. Lakini njia yao inabakia. Nilishona ncha kwa ncha. Uzi mupya utaota ndani ya ile njia, polepole.”

“Na vidole yangu?”

“Ngojea. Na usiguse moto.”

Alingoja. Ila kuna jambo moja Gérard alisahau kumwambia, na nusura usahaulifu huo ulete balaa: uzi unaoota unawasha. Siku moja alihisi kama siafu wanamtambaa ndani ya mkono, chini kidogo ya kovu. Mwezi baada ya mwezi wakashuka. Halafu wakafika kwenye kifundo cha mkono, wachache wakavuka hadi chini ya kidole gumba. Clarisse akamkimbilia Joséphine. Kitu kinatembea ndani ya mwili wake! Joséphine alikuwa na jibu tayari.

“Ni sumu. Ile panga waliipaka sumu. Iko nashuka kwa vidole, na ikifika, mukono itaoza. Tuichanje itoke, vile mama zetu walifanya.”

Na Clarisse, aliyemsikia Gérard kwa masikio yake mawili, akakubali! Akanyoosha mkono. Joséphine alishika wembe mwenyewe, maana alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. Akaanza na mchanjo mdogo chini ya kidole gumba, aifungulie sumu njia. Wa pili ungekuwa wa kina, kwenye kifundo, pale siafu walipojaa.

“Aiii!”

Majirani walitoka mbio. Clarisse mwenyewe alishtuka kuliko wote. Mahali pale palikuwa pamekufa tangu siku ya panga. Hata mwiba ulipochoma hakusikia. Sasa machozi yalimtoka kwa maumivu. Akaona wembe unasogea kwenye kifundo, akaudaka mkono wa Joséphine.

“Tantine, acha! Ile haiko sumu! Ni uzi ya Gérard, imefika!”

Joséphine aliangusha wembe. Alielewa alichokuwa karibu kukikata, akaketi majivuni huku ameziba mdomo. Clarisse akapiga magoti mbele yake, akamsogezea kiganja chenye damu.

“Tantine, unifinye hapa.”

“Mutoto yangu, nitakuumiza.”

“Ndiyo,” alisema Clarisse, akilia na kucheka. “Uniumize.”