Nilimtangaza Baba Yangu kwa Kipaza Sauti

Kwiiiiiii! Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo. Kipaza sauti cha kanisa letu kilikuwa na ugonjwa wa kupiga mluzi kila kinaposhikwa na mtu mgeni. Kilipiga mluzi, watu wakacheka, fundi wa mitambo akageuza kitu, kikanyamaza. Nikasema, "Baba yangu..." na papo hapo nikasikia sauti yangu inarudi kutoka nje, kwenye ile spika iliyofungwa juu ya paa. Ilienda ikagonga mabati ya nyumba za polisi, ikanirudia: baba yangu.

Laiti ningenyamaza hapo!

Mimi ndiye mwenye kosa. Si pastor, si shetani, si majirani. Ni mimi. Mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, na mkinihukumu sitalia. Nimeshalia ya kutosha.

Nina miaka ishirini na tatu, fundi cherehani. Shule niliishia Senior Two, mwaka wa pili wa sekondari. Nashonea mjini, karibu na Nakivubo, kwenye chumba kimoja tumejaa mafundi sita. Nyumbani ni Nsambya, nyuma ya kambi ya polisi, kwenye muzigo wa kupanga, vyumba viwili na mlango mmoja. Hapo niliishi na baba.

Baba ni polisi mstaafu. Ni Mwislamu, kwao ni kaskazini, upande wa Arua. Mama alikuwa Mkristo, alifariki nikiwa mdogo. Kwetu Idi ilikuwa Idi na Krismasi ilikuwa Krismasi, na pilau ililiwa zote mbili.

Tena baba alikuwa na cheo chake kwenye Krismasi! Yeye ndiye alikuwa mchinjaji wa mtaa. Mnajua mtaa wa askari ulivyo: mlango huu Mwislamu, ule Mkatoliki, ule mlokole. Ili watu wote wale sahani moja, mnyama achinjwe na Mwislamu. Basi Krismasi asubuhi mlangoni kwetu ni kuku, bata, mbuzi, na wenyewe wanapiga kelele, "Afande! Afande, yangu kwanza, maji imechemka!"

Baba anatoka na kisu chake kwenye kitambaa cha kijani, anajifanya amekasirika. "Laini! Tengeneza laini! Mukisumbua nafunga nyinyi pamoja na kuku!"

Watu hoi kwa kucheka. Na hakuchukua hata shingo ya kuku ya mtu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini mkono ulijua kazi.

Mimi niliokoka nikiwa na miaka kumi na tisa. Na mimi nikipenda kitu sipendi nusu! Nilimpa Bwana vyote. Niliacha uongo, hata ule mdogo. Mtacheka, lakini fundi cherehani asiyesema uongo ni balaa. Mteja akiuliza kama nguo iko tayari, mafundi wote wanajibu, "Imebaki kifungo tu, njoo kesho." Mimi nikawa nasema, "Nyabo, sijakata hata kitambaa. Nisamehe."

Bosi wetu, Mkenya mmoja tunamwita Mama Njeri, alishika kichwa. "Wewe mlokole utatumaliza na njaa! Kwani Mungu alikataza neno kesho?"

Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema pastor amenila akili. Nikiimba kwenye cherehani wananipandishia sauti ya redio. Chakula changu cha mchana nikimpa mwendawazimu wa pale kwenye mtaro, wananiuliza kama ni mchumba. Nilicheka nao. Ila usiku... hapana, sitadanganya, iliniuma mchana pia.

Hata baba walimtania kwenye benchi la wastaafu. "Afande, pastor ameiba mutoto yako. Fungua faili!"

Baba aliwajibu, "Muache yeye. Mimi nikiingia polisi, mama yangu alisema wamenipa dawa. Si niko hapa?"

Alikuwa peke yake. Katika dunia nzima, baba Mwislamu ndiye peke yake aliyenitetea!

Siku moja alasiri nilirudi mapema, umeme ulikuwa umekatika kazini. Nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, ametoka kuswali. Akasema, "Funga pazia. Leta ile kitabu yako."

Nikadhani ninaota. "Kitabu gani, baba?"

"Ile inakuchekesha asubuhi na sindano mukononi. Macho yangu imekwisha, soma wewe. Nataka kujua mutoto yangu anaishi wapi."

Nilileta Biblia, nikasoma. Alisikiliza kama askari anayeandika maelezo: ananisimamisha, anauliza huyu ni nani, alitoka wapi, shahidi yuko wapi. Wakati mwingine anasema, "Hii hata sisi tunayo," na ananisimulia wanavyoisema wao. Tulicheka. Ilikuwa raha, banange!

Nilipofunga kitabu akasema, "Usiambie mutu. Si kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu ni yangu na yako."

Nikasema ndiyo, baba. Nikasema NDIYO.

Tuliendelea hivyo wiki kadhaa, kila alasiri niliyowahi kurudi. Alikuwa anaweka njiti ya kiberiti pale tulipoishia, kwa mkono wake mwenyewe.

Ikafika siku ya ile habari ya mzee aliyeletewa nguo ya mwanawe imelowa damu, akakataa kufarijiwa. Nasoma, sisikii swali hata moja. Nikainua macho. Baba alikuwa amevua kofia yake, ameishika magotini, na machozi yanateremka. Mtu ambaye sikuwahi kumwona analia! Akasema, "Imetosha leo," akatoka kwenda kutawadha.

Mimi nikaruka juu! Nikajifungia chumbani nikacheza. Nilijua, nilijua kabisa, kwamba baba ameguswa, baba anaokoka. Mimi ni mtu wa ndoto. Palepale nikamwona Jumapili safu ya mbele, amevaa shati la kitenge nililomshonea mwenyewe, na wale walioniita mwendawazimu wameziba midomo. Kitambaa nilikinunua Jumatatu. Cha bluu, chenye maua meupe.

Sikumuuliza kitu. Hata swali moja! Baba, unalia nini? Maneno matatu tu. Sikuyasema.

Jumapili ile, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, pastor akauliza nani ana ushuhuda. Kwetu walokole ushuhuda ni kama pumzi, ukiokoka lazima useme, usiposema watu wanadhani umerudi nyuma. Miguu yangu ikatembea yenyewe. Kipaza sauti kikapiga mluzi. Kwiiiiiii!

Nikasema yote. Pazia, kitabu, njiti, kofia, machozi. Nikasema, "Baba yangu, yule Afande anayechinja, ameanza safari!" Kanisa likalipuka! Vigelegele, ngoma, akina mama wananikumbatia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu.

Na spika ya nje ilikuwa inawaambia wote: benchi la wastaafu, Hajati wa mlango wa tatu, wanaotoka na wanaoingia.

Alasiri akina mama wa kanisa wakaja kwetu wanaimba, na ngoma, kumpokea ndugu mpya. Baba alikuwa anarudi msikitini, na kanzu yake. Alisimama. Akawatazama wote kwa yale macho ya ukungu, halafu akanitafuta mimi. Aliponiona akajua.

Hakuwafukuza. Akasema, "Karibuni. Chai iko."

Wakanywa chai, wakamwombea amesimama, mikono nyuma kama yuko paredi. Walipoondoka aliosha vikombe vyote mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Acha."

Siku ya tatu akaja baba mdogo, ndugu yake, na wazee wawili wa msikiti. Hawakuja kwa ubaya, naapa. Waliongea taratibu. Baba akawaambia, "Mimi ni Mwislamu. Nilikuwa nasikiliza mutoto yangu." Mmoja akamshika mkono akasema, "Sisi tunakuamini, mzee. Lakini watu wameshasikia."

Watu walikuwa wameshasikia. Wiki ile Hajati alikuwa na hitima ya mumewe, akaleta mchinjaji kutoka Kabalagala. Mbuzi alipita mbele ya mlango wetu akilia. Baba alikuwa amekaa palepale mlangoni, na Hajati akamsalimia vizuri, kwa heshima, bila kumtazama.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza.

Ningeweza kurudi kwenye kipaza sauti Jumapili iliyofuata nikasema nilikosea. Nilimwendea pastor, akaniambia tungoje, labda Mungu bado anafanya kazi. Nikangoja. Lakini ukweli ni kwamba nilipenda kungoja! Kanisani walikuwa wananiwekea kiti mbele. Kazini hata Mama Njeri aliniuliza, "Kumbe mzee alikubali?" kwa sauti nyingine, ya heshima. Na mimi, nisiyedanganya hata kuhusu kifungo, nikatabasamu nikanyamaza. Jumapili nne nilinyamaza.

Krismasi ikafika. Baba aliamka alfajiri, akanoa kisu kwenye ngazi ya mlango, akakaa. Nikasikia kuku wanalia uani kwa majirani. Hakuna aliyekuja. Waislamu hawangekula alichochinja yeye, na Wakristo... jirani yetu Mama Opio alipita na sufuria, furaha tele, akasema, "Afande wetu! Sasa wewe ni wa kwetu, hatuna haja ya kukusumbua. Tunachinja tu wenyewe!" Alisema kwa upendo, bambi, maskini. Alidhani anampa zawadi.

Baba akakifunga kisu kwenye kitambaa, akakitundika kwenye msumari.

Akaniita. Nikapiga magoti mbele yake. Akaongea kwa upole, na upole huo ndio unaniua.

"Siku ile nililia ndugu yako."

Kaka yangu mkubwa aliingia jeshi. Tulimzika kabla sijamaliza shule ya msingi, na begi la nguo zake lililetwa baadaye. Baba ndiye aliyelifungua. Baba ndiye aliyezifua zile nguo, peke yake. Mimi nilikuwa nimesahau. Nilisoma habari ya nguo na damu mbele ya baba yangu, na nilikuwa NIMESAHAU!

"Miaka yote sikulia," akasema. "Nikalia mbele yako, mutu moja tu. Wewe ukanishika miguu, ukaninyanyua juu kama kuku ya soko, watu waone."

Nikamwambia baba nisamehe. Akasema, "Nimesamehe." Halafu akasema, "Watu walisema hawakuelewi. Mimi nilitaka kukuelewa. Lakini wewe, mutoto yangu, hukutaka kunielewa mimi."

Kesho yake baba mdogo akaja kumchukua, wakapanda basi la Arua. Baba alibeba mfuko mmoja. Kisu alikiacha.

Jumapili iliyofuata nilisimama nikasema ukweli wote kwenye kipaza sauti kilekile. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja alianzisha wimbo haraka kunisitiri, kama unavyomtupia leso mtu aliyeanguka vibaya. Nje nyumba za polisi zilikuwa kimya, na aliyepaswa kusikia alikuwa ameshavuka Nile.

Nikipiga simu anapokea baba mdogo. "Baba yako amepumzika." Asubuhi amepumzika, jioni amepumzika. Nasikia macho sasa yamefunga kabisa, anashikwa mkono kwenda msikitini. Nani anamsomea kitu? Hakuna. Njiti yake bado iko pale tulipoishia, na mimi sijaweza kusoma kurasa za mbele yake.

Mnauliza kama nimeacha kuamini? Hapana. Bado sisemi uongo kuhusu nguo za watu. Bado nampelekea yule wa kwenye mtaro chakula. Bado naomba, ila siku hizi naomba bila sauti, na sijui kama ninajibiwa. Kuimba kwenye cherehani kumekwisha. Mama Njeri mwenyewe alizima redio juzi akangoja niimbe. Sikuweza.

Walokole wenzangu, nawasihi! Ushuhuda wako uwe wako. Machozi ya mtu mwingine usiyapande nayo kwenye jukwaa, hata kama unadhani unajua yanatoka wapi. Na mtu asiye wa dini yako akikufungulia mlango, ingia, kaa, muulize. Usikimbilie nje kuwaita watu! Tulilia kwamba hatueleweki, na kilio hicho kikatuziba masikio. Mimi kiliniziba. Hii ni mara ya kwanza ninaisimulia habari ya baba bila kipaza sauti, na imechelewa.

Jana ilikuwa Idi. Kuku walipita mlangoni kwetu wakienda kwa mchinjaji mpya, sikufungua pazia. Nilikishusha kisu kwenye msumari. Kilikuwa kimeanza kushika kutu karibu na mpini. Nikakaa kwenye ngazi pale anapokaa yeye, nikakinoa taratibu kama anavyonoa yeye, nikakipaka mafuta ya cherehani. Nikakifunga kwenye kitambaa chake cha kijani, nikakirudisha kwenye msumari.