Stendi Inayosimama Yenyewe

Wiki iliyopita nilifuata picha zangu za paspoti kwenye studio moja Mchafukoge. Nilimkuta mwenye studio amesimamisha kamera juu ya stendi ya mguu mmoja, katika hivi vitu vipya vilivyojaa Kariakoo tangu milango ya biashara ifunguliwe kwa bidhaa za nje. Chini ina vijiguu vitatu vifupi, kwa hiyo haihitaji kushikwa. Siku hiyo binti yake alikuwa anasafiri kwenda kwa mumewe Kanada.

"Baba, leo na wewe uingie," binti alimwambia. "Albamu nzima haumo."

Mzee akategesha kamera ijipige yenyewe, akakimbilia kusimama kati ya binti na mkewe. Ghafla akaona kama stendi inayumba. Akairukia, mikono mbele. Kamera ikalia.

"Tupige nyingine," mkewe alisema.

Dereva wa teksi akachungulia mlangoni. "Mzee, ndege haisubiri."

Jana nimepita tena, picha ipo ukutani. Mama anatabasamu, mzee ametoa macho, na nyuma ya kiganja chake binti amebaki pindo la sari tu.

"Kwani kweli stendi ilikuwa inaanguka?" nikamuuliza.

"Wapi! Haikutikisika hata kidogo," alijibu, akisugua kioo cha fremu kwa kidole, pale pale kiganja kilipomziba mwanawe.