Gome la Upande Mmoja

Mama Rangi alikuwa na mdomo mkali kuliko moshi wa jiko lake, na hakuna aliyethubutu kugusa sufuria zake za rangi bila ruhusa. Vitambaa vyake vilipata wekundu wao kwenye magome ya mikoko, na nusu ya akina mama wa mtaa walikula kwa wekundu huo. Sharti lake lilikuwa moja: mti huchunwa upande mmoja tu, kisha huachwa upone. Ukiuchuna kuzunguka, umeuua. Kisiwa chenyewe kidogo, mikoko yenyewe ya kuhesabu, na mche huchukua miaka mpaka uwe na gome la maana.

Asubuhi hiyo mnunuzi kutoka ng'ambo alikuwa sebuleni akivipapasa vitambaa, roho yake imesuuzika. Wifi yake Mama Rangi, aliyefanya naye kazi tangu ujana, alikuwa akitabasamu kupita kiasi. Hapo ndipo Mama Rangi alipoingiwa na wasiwasi. Safari hii magunia ya magome aliyoleta wifi yalijaa upesi mno. Akasingizia anafuata kuni, akashuka pwani mbiombio.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mti wa kwanza ulikuwa umechunwa kuzunguka, uko uchi kama mtu aliyevuliwa nguo. Wa pili vilevile. Akaenda hadi wa mwisho, tope magotini, akipapasa kila shina kutafuta hata ukanda mmoja wa gome. Haukuwapo.

Aliporudi, mnunuzi alikuwa amesimama.

"Mama, mwakani nataka mara mbili ya hivi."

"Utapata!" wifi akadakia.

"Mwakani hakuna," alisema Mama Rangi.

Mnunuzi akacheka. Alidhani ni mbinu ya kupandisha bei, akaipandisha.

"Nimesema hakuna."

Akapandisha tena. Wifi akaangua kilio. "Nisamehe, wifi yangu. Niliogopa oda itatuponyoka. Nilisema nauchuna mti mmoja tu kuzunguka, halafu..."

"Na mikono haikukuuma?"

Wifi akaificha mikono yake myekundu ndani ya kanga. Mnunuzi naye, akidhani hata machozi ni ya kutafuta bei, akataja bei ya tatu, nono kuliko walizowahi kusikia. Mama Rangi akachomoa kitambaa kilichokolea kuliko vyote na kukitupia begani mwake.

"Na hicho?" mnunuzi akauliza.

"Hiki hakiuzwi." Alikuwa akimtazama binti yake kule uani, tumbo mbele, akikoroga sufuria ya mwisho. "Huyo anayekuja atataka kujua rangi yetu ilikuwaje."