Kilichokuwa Kinagonga kwenye Gari la Shangazi

Shangazi yangu hawezi kukaa. Ukimpa kiti anakalia ukingo, mguu mmoja uko tayari kuondoka, na chai haijapoa ameshainuka kwenda kuangalia bawaba ya mlango inayolia, ambayo sisi wenye nyumba hatujawahi kuisikia. Mama husema wifi yake alizaliwa akiwa amechelewa mahali.

Ni fundi wa lifti. Kazi yake iko juu kabisa ya maghorofa, kwenye kile kichumba cha mota ambacho wapandaji hawajui hata kama kipo. Likizo moja nilimwomba anipeleke nikakione. Kelele za humo ndani! Nilitoka masikio yakiimba, lakini yeye alikuwa ameegemeza sikio la kulia kwenye chuma, anatabasamu kama mtu anayepewa umbea. Aliniambia kwamba kwenye lifti huwezi kungoja kitu kikatike ndipo ukibadilishe, maana siku kikikatika kuna watu ndani. Kitu kinabadilishwa kikiwa bado kizima.

Basi sheria hiyo amehamia nayo nyumbani. Anabadilisha koki za maji ambazo hazivuji, anatupa kandambili ambazo hazijachanika. Mama anadai hata wachumba aliwabadilisha hivyohivyo, kabla hawajaharibika.

Kitu kimoja tu hajakibadilisha, nacho ni gari lake. Ni la spoti, jekundu, la chini kiasi kwamba ukiwa ndani unasalimiana na magoti ya watu. Alilinunua akiwa bado msichana. Mbele kuna viti viwili, na nyuma kuna kitu kinachoitwa kiti, ingawa nadhani aliyekitengeneza alikuwa anafikiria mkoba. Hapo ndipo ninapokaa mimi.

Mita yake ya kilomita ina tarakimu tano tu. Zikiisha, inarudi kwenye masifuri kama gari jipya. Kila ikirudi, Shangazi anaweka nukta ya rangi ya kucha kwenye dashibodi. Nukta zilikuwa sita, na namba zilikuwa zinaikimbilia ya saba. Hebu fikiria: kilomita laki saba kasoro kidogo, na injini haijawahi kushushwa na kufunguliwa! Klachi zimebadilishwa, rejeta pia, viti vimeshonwa upya, na mlango mmoja ulitolewa kwenye gari lililokufa. Ila injini ni ileile, na oili yake inamwagwa mapema kuliko kitabu kinavyosema, ikiwa bado inapendeza.

Injini hiyo ndiyo iliyozaa maneno. Baba, ambaye ni mdogo wake Shangazi, halipendi gari hilo. Anasema mtu mwenye magoti mabovu hana haki ya kumiliki gari ambalo kutoka ndani yake lazima utambae. Nadhani pia anaogopa, ingawa hasemi, kwamba siku moja litamzimikia mbali, dada yake akiwa peke yake na mkoba wa spana. Mwaka jana walibishana mpaka Shangazi akapandwa na kiburi mbele yetu sote.

"Haya! Siku injini hii ikishushwa, nauza. Umeridhika?"

"Nimeridhika," Baba akasema.

Halafu likaanza kugonga.

Mimi nilijua kabla ya Baba. Shangazi alinichukua shuleni siku moja na njia nzima hakuongea. Alizima redio, akafunga vioo, akawa anapunguza mwendo, anaongeza, anapunguza. *Ngo.* Kisha kimya. *Ngo-ngo.*

"Unaisikia?" akauliza.

"Naisikia. Ni nini?"

Hakujibu. Nikauliza tena, akawa kama hanisikii. Alipoingiza gari kwake alifungua boneti kabla hata sijafungua mlango. Ana kipande cha mpira wa maji: upande mmoja anauweka kwenye injini, mwingine sikioni, kama daktari. Akasikiliza huku na huku. Likiwa limesimama, injini ilinguruma vizuri tu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Inagonga ikibeba mzigo," akasema, si kwangu. "Beringi za ndani."

"Beringi za ndani zikifa?"

"Injini inashushwa." Kisha akanigeukia. "Wewe mtoto, baba yako asijue."

Siku zilizofuata hakutulia kabisa. Alikuwa anaondoka kazini mchana kwenda kuzunguka na gari, akisikiliza. Alibadilisha plagi. Alibadilisha oili iliyokuwa na wiki moja. Nilimkuta akiipangusa dashibodi, na kila kitambaa kilipofika karibu na zile nukta kilikuwa kinazikwepa. Mita ilikuwa imebakiza kilomita chache sana. Nilimuuliza kwa nini asilipumzishe tu. Akaniangalia kama nimemwambia aache kupumua.

Jumamosi alikuja kwetu kula chakula cha mchana. Alikuja kwa miguu, jasho linamtoka.

"Gari liko wapi?" Baba akauliza.

"Nimeliacha kule kwenye duka la vioo. Nilitaka kutembea."

"Wewe? Utembee?"

"Kwani miguu nimeazima?"

Tukaanza kula. Shangazi alichukua kijiko, akakiweka, akakichukua. Akainuka kuangalia dirisha, akarudi. Mama akamuuliza kama chakula hakina chumvi. Ghafla akasukuma sahani.

"Linagonga," akasema. "Injini inagonga. Haya, furahi sasa."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Baba nikitarajia atapiga meza kwa ushindi, maana ndiye bingwa wa kukumbusha watu ahadi zao. Lakini alifuta mikono taratibu.

"Twende nikaisikie."

"Utaisikia wewe, kwani ni fundi?"

"Dada, twende."

Nikawafuata mpaka kwenye duka la vioo kabla hawajanikataza, nikajikunja kwenye kiti cha mkoba. Usukani uko kulia, kwa hiyo Baba akakaa kushoto kwa Shangazi, kichwa kimegusa paa. Tukapita barabara ya maghala, ambako Jumamosi hakuna magari na lami imejaa viraka.

*Ngo.*

"Umeisikia?" Shangazi akauliza. Macho yake yalikuwa kwenye boneti. "Hapo mbele. Kulia, chini."

*Ngo-ngo.* Nilimwona Baba anainama kidogo, kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Mimi mwenyewe niliisikia chini ya miguu yangu, upande wa kushoto, na nikafunga mdomo. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona Baba atafanya nini. Angenyamaza, gari lingeuzwa. Angesema "pole, dada" tu, basi.

"Si mbele," Baba akasema.

Shangazi akaendelea kuendesha.

"Nasema si mbele! Iko chini ya makalio yangu. Tairi la nyuma, huku kushoto."

"Unasemaje? Ongea kwa nguvu, injini ina kelele."

Injini haikuwa na kelele. Gari lilikuwa linateremka mteremko mdogo, linanong'ona tu. Baba akageuka, akanitazama mimi, kisha akamtazama dada yake. Akainua mkono wake, akaalisha vidole karibu na sikio la kushoto la Shangazi, *ta!*

Shangazi hakupepesa.

Akaalisha tena. Yeye bado anatazama barabara, akingoja ajibiwe.

"Simamisha gari," Baba akasema kwa sauti kubwa.

Gereji tunayoijua ni ya fundi anayeitwa Polepole, na jina hilo amelipata kwa haki. Aliinua gari kwa jeki, akaingia chini, akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mpira mweusi kilichovimba, laini kama andazi lililolowa.

"Bushi za nyuma," akasema. "Zimekufa. Chuma kinagonga chuma. Lakini hizi si za zamani. Nani amezipaka girisi?"

Shangazi akanyoosha mgongo. "Mimi. Zilikuwa zinalia."

"Mama, mpira haupakwi girisi hii. Inaula."

"Kwenye lifti kikilia unapaka."

"Sasa hapa umeona lifti?"

Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Shangazi naye akacheka, lakini kidogo, kisha akauliza: "Na injini?"

"Injini ina nini? Iacheni injini ya watu."

Shangazi akageuka upesi akajifanya anatazama matairi. Nilidhani sasa atatulia. Wapi! Polepole akiwa anafunga bushi mpya, Shangazi alitembea uwanja mzima wa gereji, na kila akifika kwenye kona aliinua mkono na kualisha vidole karibu na sikio la kushoto. Kisha la kulia. Kisha la kushoto tena. Nikakumbuka kichumba cha mota, na namna alivyoegemeza sikio moja, lile la kulia. Ukiwa na sikio moja, sauti unaisikia lakini hujui imetoka wapi. Alikuwa ameipeleka mahali alipokuwa anapaogopa.

Tulirudi kwa barabara ileile ya maghala. Hakuna kilichogonga. Namba zikasogea zote pamoja, masifuri yakajipanga, na Shangazi akasimamisha gari pale pale pembeni. Akatoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba wa spana, akaweka nukta ya saba. Nukta ikatoka na mkia.

"Kesho naangalia breki," akasema.

"Jumatatu tunakwenda hospitali kupima hilo sikio," Baba akasema.

"Nina kazi Jumatatu. Na hili la kulia bado linasikia."

"Dada! Si wewe unayesema kitu kinashughulikiwa kikiwa bado kizima?"

Shangazi alikuwa amemgeukia usoni ili amsikie. Akafungua mlango, akajitoa kwa kutambaa, magoti yakimlia, akazunguka mbele ya gari. Kwa muda wote niliomfahamu, sijaona mtu mwingine akiushika usukani wa gari hilo.

"Hama," akamwambia Baba. "Endesha wewe. Nikikaa kule kwenye usukani sisikii unavyonibishia."

Baba akasogea kwenye usukani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Akawasha. Akaachia klachi vibaya, gari likaruka mara moja na kuzima.

"Unaniulia injini!" Shangazi akapiga kelele, na sikio lake la kulia, safari hii, lilikuwa upande wa mdogo wake. "Washa tena. Taratibu!"