Jumapili za Njiwa

Marceau Delbecq alizaliwa, akakua na akazeekea chini ya mnara wa kengele wa mji wa Wambrecourt, uliosimama mbali na kanisa, lakini hakuwahi kuupanda. Si yeye peke yake. Watu wa mji ule huwaachia wageni kazi ya kuhema kwenye ngazi, wao wakaridhika kujua kwamba mnara upo na kengele zinalia. Ila ipo siku moja ambayo mwenyeji hupanda, apende asipende, nayo ni siku ya pili ya arusi yake. Maharusi hupanda pamoja hadi juu kabisa, bibi arusi akalitafuta kwa macho paa la nyumba watakayoishi, akalionyesha kwa kidole, na watu walio chini wakapiga makofi. Walioiruka desturi hiyo ni wachache sana, na Marceau ni mmoja wao.

Sababu ilikuwa njiwa. Siku yake ya pili iliangukia Jumapili ya mashindano, na Jumapili ya mashindano mfugaji haendi popote. Njiwa husafirishwa kwa lori hadi kusini ya mbali, hufunguliwa asubuhi, na kila mwenye banda hukaa uani kwake akikodolea macho mbingu. Njiwa akitua na kuingia bandani, huvuliwa pete ya mpira mguuni, pete ikatiwa ndani ya saa maalumu, na hapo ndipo safari yake inapohesabiwa. Akizungukazunguka juu ya paa bila kuingia, hata kama amewatangulia wote, hana lake. Kwa hiyo siku hiyo uani hakuna kukohoa, hakuna kupiga mlango, na hakuna, nasema hakuna, kuanika nguo. Kitambaa kikipepea, njiwa huogopa na kupaa tena. Rolande aliijua sheria hiyo kabla hajajua mumewe anapenda chumvi kiasi gani kwenye supu.

"Mnara hauna miguu," Marceau alimwambia asubuhi ile, bado kavaa suruali ya arusi. "Jumapili ijayo utakuwa papo hapo."

Ahadi ni deni, lakini kuna watu wana usingizi mzuri juu ya madeni yao. Mnara hufunguliwa Jumapili mchana tu, kuanzia Pasaka hadi sikukuu ya Watakatifu Wote mwanzoni mwa Novemba, na miezi hiyohiyo ndiyo ya njiwa. Mashindano yakiisha, huja sherehe ya mji. Sherehe ikiisha, huja mvua. Mvua ikikaza, mlinzi wa mnara hufunga mlango mpaka Pasaka nyingine. Miaka ikaenda. Marceau alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nyuzi, Rolande mzungusha uzi kwenye vigurudumu katika kiwanda kilekile, mpaka kikafungwa na bomba lake la moshi likaangushwa kwa baruti mbele ya watu wote. Hawakujaliwa watoto. Majirani walisema njiwa ndio watoto wa Marceau, na Rolande alicheka nao, kwa sababu afanye nini.

Majira ya baridi yaliyopita daktari wa macho wa mji mkubwa alimwambia Rolande kwamba katikati ya macho yake panakufa. Atabaki akiona kandokando tu. Tayari alikuwa akiwatazama watu asione nyuso. Alirudi nyumbani, akaweka mkoba mezani, akasema bila kuvua koti:

"Marceau, nimekuwa nikikuomba. Leo sikuombi, nakwambia. Nataka kuuona mji wangu kutoka juu, na nyumba yangu niione, kabla taa haijanizimikia."

"Pasaka, bibi. Pasaka ikifika tu."

Nasema kweli, alimpenda. Usiku ule alikaa jikoni peke yake na kikombe cha kahawa mpaka ikapoa, akalia. Lakini Pasaka ikafika, na Mkurugenzi alikuwa katika hali ambayo hajapata kuwa nayo. Mkurugenzi ni njiwa dume wa buluu, aliyepewa jina hilo kwa sababu alitembea kifua mbele kama bosi wa zamani wa kiwanda. Kwa ufundi wa wafugaji wa huko, alitengwa na jike lake juma zima ili Jumapili aruke kwa uchungu wa kumrudia. Marceau aliijua sana hamu inavyomrudisha kiumbe nyumbani. Kwa njiwa aliijua. Akasema tupande baada ya mashindano haya. Kisha akasema baada ya yale. Ikafika Agosti, na Rolande alikuwa akimimina kahawa kando ya kikombe, akaifuta haraka kwa kiwiko, na Marceau akatazama dirishani ili asione.

Jumapili moja, Omer, jirani yao na hasimu wake wa njiwa, alichungulia juu ya ukuta wa matofali.

"Marceau! Umesikia? Kusini ukungu mzito, wamechelewa kuwafungua. Na upepo unawapiga usoni. Leo tutawaona jioni, tukiwa tunasinzia."

"Nani kasema?"

"Wamepiga simu klabuni. Au ulitaka Mkurugenzi akupigie mwenyewe?"

Rolande alikuwa kwenye dirisha la jikoni. "Basi leo," alisema. "Vaa viatu."

Marceau akatazama mbingu, akatazama banda, akakosa kisingizio.

"Mpeleke mama wa watu!" Omer akamcheka. "Angekuwa njiwa, angekwishakuhama banda zamani."

"Wewe chunga wako."

"Wangu? Mimi leo nakushinda hata ukikaa juu ya paa!"

Marceau alikuwa kwenye mlango wa mbele, amekwisha kufunga kamba za viatu, na Rolande hatokei. "Unafanya nini huko uani?"

"Nafunga mlango. Leo ndiyo una haraka? Mimi nimengoja tangu nikiwa na kiuno."

Ngazi za mnara ni nyembamba na zimelika katikati, na badala ya mkono wa kushikia pana kamba nene iliyotiwa weusi na viganja vya watu. Rolande alipanda mbele. Humo gizani hakuhitaji macho, na alikwenda upesi kuliko mumewe, ambaye alihema kama mvukuto. Walipofika kwenye kengele akasimama, akaipapasa kengele kubwa kwa kiganja.

"Baridi," alisema. "Hii ndiyo iliyomlilia mama yangu alipozikwa."

Juu kabisa, mlangoni, kitu cha kwanza alichohisi Marceau kilikuwa upepo. Ulikuwa wa vuguvugu na ulimpiga kutoka kusini. Umegeuka. Ukungu wenyewe utakuwa umeondoka mapema kuliko walivyosema, na njiwa wanasukumwa mgongoni. Akajiambia kidogo tu, aone nyumba yake, kisha tushuke.

Mji ulikuwa mdogo, mwekundu na kimya. Paa baada ya paa, mfereji, uwanja mtupu palipokuwa kiwanda, kisha mashamba ya viazisukari hadi mwisho wa macho, chini ya mawingu ya kijivu. Rolande alishika ukingo wa jiwe, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine, kama kuku anayetafuta punje.

"Kanisa liko kulia?"

"Kulia."

"Halafu mfereji. Halafu mtaa wetu uko nyuma yake. Usinionyeshe nyumba! Nataka niione mwenyewe."

Marceau akaitafuta yeye. Nyumba za mtaa wao zote zimefanana, zilijengwa na kiwanda kwa mkupuo mmoja. Lakini yake aliiona mara moja, kwa kuwa uani kwake palipepea kitu kikubwa cha manjano: shuka. Na juu ya shuka hilo njiwa walikuwa wakizunguka. Aliyetangulia alikuwa Mkurugenzi. Marceau angeyatambua mapigo ya mbawa zile hata akiwa na homa. Mkurugenzi akashuka mpaka usawa wa paa, shuka likapepea, akapaa. Akazunguka. Akashuka tena, akapaa tena.

Hasira ilimpanda Marceau. Miaka yote ile ya ndoa Rolande hajaanika hata soksi siku ya Jumapili! Akageuka na maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Usikasirike," Rolande alisema kabla hajasema yeye. "Nimetundika lile shuka la manjano, la arusi. Omer alisema njiwa ni wa jioni, ningeliwahi kulitoa. Nyumba zetu zote ni matofali yaleyale, kwa macho haya nisingeitambua. Lakini manjano bado nayaona. Jana nilijaribu kutoka mwisho wa mtaa, nikayaona." Akainamisha kichwa upande, akakigeuza. "Lipo, Marceau? Mbona silioni? Labda sikulibana vizuri."

Hasira yake ikakosa pa kukaa. Kama angesema lipo, angemwambia mkewe kwamba macho yamekwisha. Kama angesema limeanguka, kosa lingekuwa la vibanio, na mama yule angeshuka ngazi zile akiwa bado na macho.

"Limeanguka," alisema. "Upepo."

"Ah." Rolande akashusha pumzi. "Na njiwa?"

"Bado."

Jumapili mji mzima hushusha sauti kwa ajili ya njiwa, na upepo ulikuwa wa kusini. Sauti ya Omer ilipanda mpaka juu, safi, kama anayeongea kando yao:

"Marceau! Toa shuka! Wamefika, Mkurugenzi yuko mbele, toa hilo shuka!"

Marceau hakuthubutu kumtazama mkewe. Alitazama chini, akamwona Omer, mdogo kama punje, akirusha mikono kuelekea mnarani. Adui yake wa miaka yote, anamhimiza ashinde. Mkurugenzi akashuka, akapaa.

"Kumbe lipo," alisema Rolande taratibu. "Linapepea, na mimi silioni."

"Rolande..."

"Jumapili ngapi, mzee wangu. Hata moja tu ungenipa." Hakulia. Alinyoosha mkono mbele, kidole cha shahada kimetoka, juu ya mji. "Shika. Nielekeze."

Marceau akamshika kifundo cha mkono, akakivuta kidole kushoto kidogo, akakishusha mpaka kikawa sawa na shuka.

"Hapo?"

"Hapo."

Rolande akakiacha hapo kwa muda mrefu. Chini hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa Jumapili, na watu wote walikuwa wakiwatazama njiwa.