Vinywa Vitupu vya Magege

Tope la bandarini lina harufu yake, rafiki yangu, ya chuma na mafuta, na ukilichuja kwa maji hubaki kitu kidogo sana kwenye chekeche. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Nashuka na wenzangu kutoka Mbinga hadi ziwani, tunapima maji na tope kuzunguka bandari mpya, tunaangalia ni nini bado kinaishi humo. Juzi chekeche langu lilitoka tupu kabisa. Nilipoinua macho kuangalia tulipofika, nikakuta boti yetu imesimama katika ghuba ya bibi yangu.

Ni sisi wajukuu tulioiita ya bibi; ziwa halina mwenyewe. Hapo ndipo nilipokulia. Asubuhi sauti ya kwanza ilikuwa kengele ya kanisa, ya pili bibi akitugombeza. Tulitwanga muhogo mkavu mpaka viganja vikaota malengelenge, kisha tukakimbilia ufukweni kupokea samaki. Magege, hao ndugu zao perege, walikuwa tele. Ugali wa muhogo wa moto na mchuzi wa magege wenye nyanya na pilipili ulitufanya tulambe sahani. Sasa nakula nyama nikitaka, ila sishibi vile.

Mvua za kwanza zikikaribia, majike walikuja ghubani kulea. Jike la gege hutunza mayai na watoto wake kinywani, na hata akinaswa wavuni mara nyingi hawaachii, anafumba mdomo. Hapo bibi alikuwa na sheria. Kabla ya kisu, unamfungua samaki mdomo ndani ya maji, unamtikisa taratibu mpaka watoto wote watoke waende zao. Akina mama wote wa ufukwe ule walifanya hivyo. "Mama mtu unamla, haya, watoto wamekukosea nini?" alikuwa akisema, na asiyetii alionja mwiko kwenye vidole. Bibi hakuwa mpole hata kidogo. Huruma yake yote iliishia kwa samaki.

Nilipoonyesha chekeche langu tupu, kiongozi wetu alicheka. "Ulitegemea nini? Tope lote lililochimbwa ili meli ziingie lilimwagwa hapa."

Nikamwuliza kwa nini hapa. Akanieleza huku akimenya ndizi. Kabla ya ujenzi yeye na wapimaji wengine walikuja kupima kama ghuba hii ni mazalia ya samaki. Akina mama wa kijijini waliwaletea majike ya gege waliovuliwa hapo hapo, ndoo kwa ndoo, na kinywani mwa hata mmoja hapakuwa na yai wala mtoto. "Tukaona hawazaliani hapa," alisema. "Kwa hiyo tope likaletwa huku."

Jioni nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umekonda? Huko Mbinga hawali?"

Nilimwuliza juu ya wale wageni waliotaka samaki. Uso ukamchangamka. "Tuliwachagulia wakubwa wakubwa. Na watoto tuliwatoa kwanza, wote, nilisimamia mwenyewe. Mgeni utampaje samaki mwenye watoto mdomoni? Si aibu hiyo?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini akaanza tena wimbo wake, kwamba nyavu zinarudi tupu kwa sababu vijana wa siku hizi ni wavivu, na mimi nilikuwa na hasira ya mchana kutwa. Nikamwambia yote.

Bibi akauliza kama wapimaji wanaweza kurudi, wapime upya.

"Tumepima leo, bibi. Hamna kitu."

"Na wale watoto tuliowatoa?"

"Tope liliwakuta humo humo."

Naikumbuka ghuba ile, kelele za akina mama, maji yakimetameta kwa visamaki vilivyoachiwa, na roho inaniuma vibaya. Hata kuikumbuka kwa raha siwezi tena. Bibi alijifuta mikono kwenye kanga ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Wenzangu usiwaambie," alisema. "Waache wawalaumu vijana."