Walinipa mpiganaji wa adhabu kwa sababu ni msichana: yaliyonikuta banda la gemu Bariadi

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu nimeufuta mara nne kabla ya kuutuma. Ndivyo nilivyo, koma ikikaa vibaya silali. Leo nautuma ulivyo, na kila kilichomo kilinitokea mimi mwenyewe.

Ni ile miaka kampuni binafsi zimeruhusiwa kununua pamba, na vitu vya nje vimeanza kujaa madukani Bariadi. Nilikuwa form two. Kwetu ni Nkoma, ila mjini nilikaa kwa shangazi.

Kaka mmoja, Shija, alipouza pamba yake hakununua ng'ombe. Akaleta TV, jenereta na mashine ya gemu, akafungua banda. Baba yake hakumsemesha msimu mzima.

Gemu lililopendwa lilikuwa la mapigano. Wapiganaji kumi, tisa wanaume. Mwanamke mmoja tu, kavaa buti ndefu na kinguo ambacho ukikitaja mbele ya shangazi unafukuzwa nyumbani. Vijana walimwita Nkima, yaani mwanamke kwa Kisukuma. Hata jina lake hawakuhangaika kulisoma.

Banda lilikuwa na sheria. Ukifungwa mara tatu mfululizo, mechi inayofuata unapewa Nkima. Hiyo ndiyo adhabu. Unacheza huku wenzako wanakupigia vigelegele kama bibi harusi.

Siku ya kwanza naingia, hata sijafungwa, Shija akanichagulia.

“Mayu, wewe chukua mwenzako huyo.”

Mayu kwetu ni mama, na hata binti huitwa hivyo kwa heshima. Siku ile heshima sikuisikia.

Nakiri, na mimi nilimwonea aibu. Nilitaka mmoja wa wale wanaume, lile jitu lenye mnyororo. Kila Nkima alipopigwa na kinguo kupanda, niliinamisha macho. Na ukiinamisha macho unapigwa tena.

Ila mimi kitu nikikianza lazima nikijue chote. Nikaazima kijitabu cha gemu, Kiingereza kitupu, nikakaa nacho na kamusi wiki mbili.

Wanaume wote walikuwa na maelezo. Huyu askari, huyu analipiza kisasi cha baba yake. Wa kwetu je? “Mrembo anayemtafuta mchumba wake.” Basi.

Mtu ana mateke kumi na manne, wameandika mchumba!

Nikayanakili mateke yote kwenye daftari la jiografia. Nikienda kufua, nilishika kipande cha sabuni ya mche kama pedi ya kubonyezea gemu, vidole vinafanya mazoezi. Shangazi alidhani naumwa.

Nikaanza kushinda. Lakini walicheka vilevile, na gemu lenyewe liliwasaidia. Wanaume wakishinda huinua ngumi. Nkima akishinda hukonyeza na kurusha busu. Hapo banda zima hoi.

Mwisho Shija akaniita pembeni.

“Vijana wanakuja kukucheka wewe, hawachezi. Jumapili utacheza na Masunga. Ukimfunga, jina lako naliandika ubaoni na utachagua mpiganaji kama wenzako. Ukifungwa, mayu, ubaki nyumbani.”

Masunga ndiye alikuwa bingwa, jina lake juu kabisa ya ubao wa washindi.

Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja hadi bandani. Raundi ya kwanza pedi iliniteleza kwa jasho, nikapigwa.

“Dada, wahi ukapike,” Masunga akasema. Vigelegele.

Nikataka kuondoka, kweli. Ndipo nikaona kitu. Masunga alikuwa anajikinga juu tu, kifuani na usoni, maana mwaka mzima alijifunza kupigana na wale wanaume, ambao hupiga juu. Nkima alikuwa adhabu. Hakuna aliyewahi kumjifunza, kwa hiyo hakuna aliyejua kumzuia.

Teke la kumi na moja katika daftari langu linapigwa umelala karibu na ardhi. Nikampiga hilo. Hakulijua. Nikalirudia. Raundi ya pili yangu, ya tatu yangu.

Masunga akaruka.

“Hiyo pedi ina dawa! Shija, huyu kaenda kwa mganga!”

“Basi tubadilishane,” nikasema.

Tukabadilishana, tukaanza upya. Nikamfunga haraka kuliko mwanzo.

Nkima akakonyeza, akarusha busu. Hakuna aliyecheka.

Shija akachukua chaki, akaandika jina langu, KABULA, juu ya Masunga.

“Haya mayu, kuanzia leo chagua umtakaye.”

Mayu ile niliisikia.

Nikaliangalia lile jitu la mnyororo. Nikamchagua Nkima.

Wiki iliyofuata vijana walikuwa wanamgombania. Adhabu ikafa yenyewe, na Masunga akaja kuazima daftari langu la jiografia, eti ana mtihani.

Kisha Shija akaniomba nimchore Nkima ukutani nje, kando ya wapiganaji wawili wanaume waliokuwa wamechorwa tayari. Kuchora nilijifundisha mwenyewe. Nikamvika suruali, nikamwinulia ngumi. Vidole vikatoka kama mihogo. Nikavifuta mara tatu, machozi yananilenga, hadi Masunga akanipokonya brashi.

“Acha sasa! Ngumi si inaonekana?”

Nikaacha. Ni kazi yangu ya kwanza kuiacha na kasoro, na kila nikipita pale natembea taratibu ili niione vizuri.

Nilichojifunza: waliolitengeneza gemu lile walimwekea mateke kumi na manne, kisha wakamficha nyuma ya busu. Mateke yalikuwepo muda wote. Alihitaji mtu wa kuyasoma.

Dada zangu mliowahi kushika pedi, ninyi mlipewa nani? Na kaka mliokuwa mnapiga vigelegele, jitokezeni tu, sitawapiga teke la kumi na moja.